Sanamu Hailii

Siku ya wageni, mwalimu wa darasa la awali aliamka na tumbo joto. Hakuwa mgonjwa; ni ile hali ya mtu anayejua kuwa leo atatazamwa. Alifunga vifungo vya blauzi upande, akavifungua, akavifunga tena upande. Chai aliimimina akaisahau mezani. Njiani alikuwa akiongea peke yake na kurusha mikono, hata mwenye duka la kona akamwuliza kama anakwenda mahakamani. Ofisi ya elimu ilikuwa inaleta watu kutazama darasa lake, yeye ambaye miaka yote hakuna aliyewahi kumwuliza hata kama ana chaki.

Kilichowaleta wageni ni michezo. Kabla ya michezo, darasa lile lilikuwa vurugu tupu. Watoto wa miaka mitano waling'atana, walinyang'anyana penseli za rangi, mmoja akianza kulia wanalia wote, na ukiuliza chanzo hakuna anayekijua. Mwalimu alikuwa akirudi nyumbani jioni hana sauti, anaomba chumvi mezani kwa ishara. Ndipo alipopelekwa semina, akarudi na michezo kichwani. Ulikuwepo wa kobe: ukikasirika unajikunja, unaficha kichwa ndani ya mikono, unahema polepole, na ukishatulia unatoka useme kilichokuudhi. Ulikuwepo wa kunusa ua na kuzima mshumaa. Ua halipo, mshumaa haupo, ila pumzi ipo. Na ulikuwepo wa sanamu: ngoma ikilia cheza utakavyo, ngoma ikinyamaza ganda hapo hapo ulipo.

Tuseme haki, michezo ile ilifanya kazi. Mtoto aliyekuwa anang'ata alijifunza kusema "nimekasirika" kabla meno hayajafika kwenye mkono wa mwenzake, na si jambo dogo hilo. Wapo watu wazima wenye nyumba na magari ambao hawajafika hapo. Darasa lilipata utulivu. Mwalimu alipata sauti yake. Angeishia hapo, leo tusingekuwa na la kusimulia.

Lakini sanamu ilipendwa mno, na mwalimu akaanza kutia madoido yake. Semina haikutaja nyota. Nyota za karatasi ya dhahabu alizileta yeye, apewe atakayebaki ameganda mpaka mwisho. Semina haikutaja wimbo, wimbo aliutunga yeye, watoto wakauimba huku wanaruka: "Sanamu haicheki, sanamu hailii!" Kisha watoto walipokuwa mabingwa na mchezo ukawa hauishi, akaongeza mitego. Alipita kati yao na sauti tamu kama ya muuza mikufu bandia: "Haya wanangu, mchezo umekwisha, inukeni." Aliyeinuka ametolewa. "Pole jamani, unaumwa wapi? Mwambie mwalimu." Aliyejibu ametolewa. Watoto walivunjika mbavu kwa kucheka, na waliotolewa ndio waliocheka kuliko wote. Hakuna mtu mzima aliyeona ubaya wake, na wewe pia ungekuwepo ungepiga makofi.

Bingwa wa sanamu alikuwa Kijiko. Jina hilo alilipata siku yake ya kwanza, alipokuja shuleni ameshika kijiko cha chai cha kwao na hakukubali kukiachia, si kwa kubembelezwa wala kwa peremende. Muhula wa kwanza wote alilia. Alilia akiletwa, alilia akifuatwa, alilia maziwa yakiwa ya moto na alilia yakipoa. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na tangu baba wa mtoto alipofunga begi lake na kuondoka, waliishi wawili tu nyuma ya chumba cha kushonea. Asubuhi nyingi mama alimleta mtoto huku macho yamemvimba yeye mwenyewe.

Kisha ikaja sanamu, na Kijiko akawa mtoto mwingine. Aliganda macho wazi, mdomo umefungwa, hata nzi akitua puani. Kadi yake ya nyota ilijaa mpaka ikabidi aunganishiwe nyingine. Mama yake alikuja kushukuru. Alikuwa amemshonea mwalimu sketi bila kumpima, kwa jicho tu, na ikamkaa sawasawa. "Mwalimu, mwanangu umenirudishia," alisema. Mwalimu aliivaa sketi ile siku ya wageni.

Asubuhi hiyo langoni mama Kijiko alisema, "Mwalimu, huyu leo hakugusa chai. Ila hajalalamika."

"Atakula saa nne," mwalimu akajibu, macho yako barabarani yanatafuta gari la wageni. Akamshika Kijiko mkono, akaona mkono una joto, na fikra ikapita kichwani mwake na kwenda zake.

Mwalimu mkuu alikuwa amevaa tai ambayo huwa anaivaa siku ya mahafali tu. Alimvuta pembeni ya mlango. "Mwalimu, leo usiniangushe. Wakipenda walichokiona, wewe ndiye utakayezungushwa shule zote kuwafundisha wenzako. Usafiri, posho, kila kitu. Umenielewa?" Alielewa sana. 

Wageni walikuwa watatu, wawili wanaume na mmoja mama mwenye miwani iliyofungwa kamba. Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, wakatabasamu kwa shida. Kobe ikaenda vizuri. Ua na mshumaa vikaenda vizuri, ingawa mtoto mmoja aliuzima mshumaa wake hadi mate yakamfikia mgeni. Mwalimu alikuwa anacheka kwa nje na kuomba kwa ndani. Kisha akachukua ngoma.

Ngoma ikalia, ngoma ikanyamaza. Mmoja akapepesuka, ametolewa. Wawili wakachekeana, wametolewa. Mwalimu akapita na mitego yake, nao wakaanguka mmoja mmoja, mpaka katikati ya jamvi akabaki Kijiko peke yake. Alikuwa amesimama ameinama kidogo, mkono umelala tumboni. Juu ya mdomo wake palikuwa na jasho. Mwalimu aliliona lile jasho. Aliliona vizuri kabisa, na alichosema moyoni ni hiki: anajikaza kisabuni, mwanangu huyu.

Mgeni mwenye miwani alivutiwa, akataka kuujaribu mtego mwenyewe. Akainuka, akapiga goti mbele ya mtoto, akasema kwa huruma ya kuigiza, "Maskini, mtoto mzuri, unaumwa?"

Kijiko hakupepesa jicho.

Wageni wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akapiga makofi kuliko wageni. Watoto wenzake wakaimba wimbo wao, na mwalimu akambandika Kijiko nyota kifuani.

Wageni walipopelekwa ofisini kunywa soda, darasa likatawanyika uwanjani. Kijiko alibaki pale pale. "Haya bingwa, nenda kacheze," mwalimu akasema huku anakunja jamvi kwa upande mwingine. Mtoto akapiga hatua mbili, fupi, kiuno kimekunjwa, kisha akatapika kwenye jamvi. Alitapika bila kutoa sauti. Akafuta mdomo kwa mkono wa sweta, akanyoosha uso, akatazama mbele.

Mwalimu akamgusa paji la uso, akautoa mkono haraka. Furaha yote ya asubuhi ikayeyuka.

Mwalimu mkuu, na hili tumhesabie, hakubishana. Aliwaacha wageni na soda zao, akatoa gari lake mwenyewe. Mwalimu alikaa nyuma, mtoto mapajani, na kila gari lilipopita kwenye shimo alimtazama usoni. Hakuna kitu usoni. Alimwuliza kama anasikia maumivu, hakuna jibu. Alijiambia ni homa tu, watoto hutapika, kesho atakuwa anarukaruka. Alijiambia mara nyingi, na mwanzo aliamini zaidi ya nusu, kisha nusu, kisha chini ya nusu.

Mama, aliyepigiwa simu, aliwakuta hospitali akiwa na futi ya kupimia shingoni na nyuzi nyekundu zimemganda kwenye gauni. Alikuja mbio, kiatu kimoja amekanyaga kisigino. Hakuuliza mengi. Alimchukua mtoto wake, akaingia naye chumba cha daktari, mwalimu na mkuu wakafuata.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, lakini mikono yake ilikuwa na adabu: aliisugua kwanza ipate joto ndipo akaiweka tumboni kwa mtoto.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

Kijiko alitazama ukuta.

"Hapa?" Akabonyeza. "Hapa je? Na hapa?"

Uso wa mtoto ulikuwa kama uso wa sahani. Mwalimu aliujua uso ule. Ni yeye aliyeutengeneza.

"Homa anayo," daktari akasema, "na ametapika. Lakini nikibonyeza simwoni akishtuka. Huwa mkimya hivi?"

"Zamani alikuwa wa kulia sana, daktari," mama akasema, na hata katika wasiwasi wake palikuwa na fahari kidogo. "Siku hizi mtulivu. Huyu mwalimu wake ndiye aliyemtuliza. Hata akianguka, hasemi kitu."

"Shule yetu inasifika kwa hilo," mkuu akaongeza. "Leo hii tulikuwa na wageni." Simu ilikuwa inatikisika mfukoni mwake. Ujumbe wa pongezi ulikuwa umeshaanza kuingia.

Daktari hakumjibu. Alimgeukia mwalimu. "Wewe ndiye umekuwa naye asubuhi yote. Umeona nini?"

Hapo mwalimu alimtupia mkuu jicho. Akisema, mkuu atasikia. Akisema, huyu mama aliyemshonea sketi atasikia. Habari zitarudi ofisi ya elimu kabla wageni hawajamaliza soda. Na kama ni homa tu? Kama anajichongea bure mbele za watu kwa hofu isiyo na kichwa wala miguu?

"Alikuwa... alishiriki vizuri," akasema.

Alishiriki vizuri! Mtu mzima, mwenye cheti, mtoto anaungua mbele yake, jibu alilonalo ni la kuandikia ripoti. Alijisikia mwenyewe anavyosema, akaona aibu, na bado hakuongeza neno.

Daktari alishika kalamu, akasita. Mtu ungeona kuwa hesabu imekubali lakini roho haijakubali. "Basi nitampa dawa ya kushusha homa. Vipimo vya damu vije kesho. Akizidiwa tu, mama, mrudishe, usingoje."

Mama akashukuru. Akamwinua mtoto kitandani, na shuka la kitanda likateleza, soksi zikaonekana. Mwalimu akaona vidole vya miguu. Ndani ya soksi vilikuwa vimejikunja kwa nguvu, vimejing'ang'ania wenyewe, vinatetemeka. Juu, uso ulikuwa mtulivu kabisa. Chini, miguu ilikuwa inapiga kelele.

"Daktari, ngoja." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Anaumwa. Anaumwa sana. Ila anacheza."

"Anacheza nini?"

"Sanamu. Ni mchezo wangu. Anayejibu kuwa anaumwa, ametolewa."

"Mwalimu," mkuu akasema polepole, "hebu tuzungumze nje kidogo."

"Hapana, Mkuu."

Akasema yote. Nyota, wimbo, mgeni aliyepiga goti na kuuliza "unaumwa?" na kupigiwa makofi. Alisema huku anatazama sakafu, kwa sababu upande mmoja alikuwepo mkuu na upande mwingine alikuwepo mama, na hakukuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Mama alimrudisha tu mtoto kitandani, taratibu.

"Basi mwambie mchezo umekwisha," daktari akasema.

"Hataamini."

"Kwa nini asiamini?"

"Kwa sababu huwa namwambia hivyo hivyo. Ndio mtego wenyewe."

Daktari hakumkaripia, na afadhali angemkaripia. "Jaribu," akasema.

Mwalimu alipiga magoti kando ya kitanda. "Kijiko. Mwanangu. Mchezo umekwisha. Umekwisha kweli kweli, wallahi, siyo mtego. Mwambie daktari panapouma."

Na Kijiko, pembeni kabisa ya mdomo, akatabasamu. Katabasamu kadogo ka mtu anayeijua janja ya mwenzake. Mwalimu alikuwa ameliona tabasamu lile mara nyingi darasani, akalipenda. Sasa lilimkata maini. Mama akashika ukingo wa kitanda. "Mama, sema," akamwomba mwanawe. "Sema na mimi, mama yako." Mtoto akatazama ukuta. Jasho lilikuwa limeshuka mpaka shingoni.

"Muda hatuna mwingi kama ni ninachokiogopa," daktari akasema kwa sauti ya chini. "Kama haachi mchezo huu, mwalimu, mpe mwingine."

Mwalimu alikuna kichwa chake chote kwa ndani na kukikuta kitupu. Michezo yote aliyokuwa nayo ilikuwa ya kutuliza. Hakuna aliyemfundisha mchezo wa kupiga kelele. Watu hawalipii semina ya hivyo. Kutoka nje ya dirisha, kwenye maegesho, gari likapiga honi kwa hasira.

"Honi," akasema. "Kijiko, sikiliza, huu ni mpya. Unaitwa honi. Mkono wa daktari ni gari. Gari linatembea, linatembea, likifika pabaya, unapiga honi. Pabaya kidogo, honi ndogo. Pabaya sana, honi ya lori."

Midomo ya mtoto ikasogea kidogo tu. "Nani anatolewa?"

Ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu asubuhi. Mwalimu akasogea karibu. "Hakuna anayetolewa. Huu hauna kutolewa."

Kijiko akafikiri. Mchezo usio na kutolewa aliuona wa mashaka. Basi mwalimu akanyoosha mkono kwa daktari, na daktari, kijana yule mwenye akili, akaushika bila kuuliza, akatembeza vidole mpaka kwenye kiwiko, akabonyeza. "Piiii!" mwalimu akalia, kwa nguvu, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Daktari akamgeukia mama, akambonyeza bega lililochoshwa na cherehani, na mama akatoa "pii" iliyochanganyika na machozi. Akamgeukia mkuu. Mkuu alirudi nyuma hatua moja, akashika tai yake, akamtazama mtoto, na kitu fulani kikamshinda. "Pooo," akasema mwalimu mkuu, kwa sauti nzito ya basi la masafa marefu.

Kijiko alitazamatazama watu wazima wale wote. Kisha akatikisa kichwa, ndiyo.

Gari likaanzia kushoto, juu. Kimya. Likashuka. Kimya. Likafika kitovuni. "Pi," mtoto akasema. Gari likaelekea kulia, chini, polepole mno, daktari akabonyeza, na uso wa mtoto ukaanza kuvunjika. Kisha daktari akaachia mkono ghafla.

Ile haikuwa honi. Ilikuwa kelele iliyotoka kwenye soksi kwenda juu, ikaendelea, ikaendelea, na Kijiko akajikunja juu ya kitanda akalia kilio cha muhula wote. Mama akamkumbatia. Daktari alikuwa ameshafika mlangoni anaita watu. "Kidole tumbo," akasema akipita. "Chumba cha upasuaji, sasa hivi."

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, mama mwisho huu, mwalimu mwisho ule. Mkuu alisimama kidogo, akajikohoza, akasema kwamba wageni bado wako ofisini na lazima arudi. "Tutazungumza," akamwambia mwalimu, na sauti yake haikuonyesha watazungumza nini. Akaondoka. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa na kioo cha ukungu ambacho vivuli vilipita nyuma yake, na kila kivuli kilipopita wote wawili waliinua vichwa. Mwalimu alijaribu kunusa ua na kuzima mshumaa. Pumzi ilikataa kushuka. Aliwaza mtoto yule angerudishwa nyumbani na chupa ya dawa. Angelala kimya usiku kucha, bingwa, na hakuna ambaye angeamka. Aliwaza hivyo, akaacha, akawaza tena.

Mama alikuwa anakunja futi yake na kuikunjua.

"Nyumbani na mimi nilimchezesha," akasema ghafla, bila kugeuka. "Wateja wakija namwambia, Kijiko, sanamu. Anakaa chini ya meza mpaka mteja aondoke. Wananisifu. Nilifurahi, unasikia? Nilifurahi kwamba halii, kwa sababu akilia na mimi nalia, na nikilia sishoni."

Mwalimu alifungua mdomo.

"Usinijibu," mama akasema. "Nikitaka jibu nitakuuliza."

Wakakaa hivyo. Daktari alipotoka, kofia ya kijani imemlowa kichwani, mama alisimama na mwalimu akashindwa kusimama. Kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka, daktari akasema. Karibu sana. Lakini hakikupasuka, kimetolewa, na mtoto yuko salama. Mama alikaa tena, akafunika uso kwa mikono iliyoshika futi. Mwalimu alitaka kumshika bega, mkono ukafika nusu ya njia ukarudi.

Kesho yake mchana, baada ya shule, mwalimu alikwenda wodini. Hakuvaa ile sketi. Mkuu alikuwa hajamwita bado, na kila mlango uliofunguliwa shuleni siku ile ulimshtua. Lakini si hilo lililomweka macho usiku. Alisimama miguuni mwa kitanda na mfuko wa machungwa ambao haukuwa na maana yoyote, maana mtoto hakuruhusiwa kula. Mama alimwitikia salamu. Hakumkaribisha kukaa.

Kijiko aliamka huku dawa ya maumivu inaisha nguvu. Kwanza alikunja uso, kisha akaona bandeji, kisha akaanza kulia. Kilio kilianza kidogo, kikapanda, hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Mwalimu alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile kwa furaha kiasi kile.

Muuguzi akaja haraka na sinia lake, mwanamke mwema, amechoka. "Shii, shii. Mbona tunawasumbua wenzetu? Mtoto mzuri halii. Dawa naileta sasa hivi. Wewe si hodari wewe?"

Kilio kikakatika. Hakikupungua polepole kama kilio cha mtoto anayebembelezwa, kilikatika tu, na uso ukajifunga: macho wazi, mdomo umebanwa. Muuguzi akatabasamu. "Eeh, umeona? Hodari kweli." Akaenda kuchukua dawa.

Mama alimwinamia mwanawe. "Lia, mama. Kama inauma, lia. Nakuruhusu."

Mtoto hakumtazama mama yake. Aliyageuza macho taratibu, yakapita juu ya bega la mama, yakatua kwa mwalimu, yakangoja.

Mama akaona macho ya mwanawe yanakwenda wapi. Akanyooka. Akamgeukia mwalimu, na hakukuwa na hasira usoni mwake, hasira ingekuwa nafuu. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwenda kuchukua kilicho chake akaambiwa aombe ruhusa kwa jirani. Neno moja tu la mwalimu lingetosha. Alikuwa nalo mdomoni, tayari, tamu, na angelisema mtoto angelia mara moja. Mwalimu akalimeza.

Akaweka machungwa chini. Akarudi nyuma, hatua baada ya hatua, akapita kati ya vitanda, macho ya mtoto yakimfuata, mpaka pazia la mlangoni likakatiza kati yao. Ukumbini akasimama kando ya ukuta. Wodini kulikuwa kimya. Muuguzi alipita na dawa kwenye kikombe kidogo, na mwalimu akamshika mkono.

"Dada, tafadhali. Subiri kidogo usiingie."

"Kuna nini?"

"Subiri tu."

Walisimama wote wawili. Ndani, sauti ya mama ilikuwa inasema kitu, chini chini, haisikiki, inarudia na kurudia. Hakuna jibu. Mama akanyamaza, kisha akaanza upya, na safari hii sauti yake ilikuwa imelowa. Alikuwa analia yeye.

Ndipo Kijiko alipomfuata kulia.